Mashine Imesema Asukume

Siku hizi mkunga haruhusiwi kugusa tumbo. Mashine ndiyo huamua kama mapacha watazaliwa kwa kawaida au kwa upasuaji, na ikishaamua haibishiwi.

Ng'washi, mkunga mstaafu, alimfokea nesi mpaka saa ya ukutani ikaanguka.

"Kulwa, pacha anayetakiwa kutangulia, amekingama! Mwanangu asukume nini, ukuta?"

"Mama, mashine imesema asukume. Chumba cha upasuaji hakifunguki bila yenyewe kuruhusu."

"Imewahi kuzaa, hiyo takataka yenu?"

Kitandani, Minza alimlilia mama yake. Ng'washi akakunja mikono ya gauni, akaanza kumgeuza mtoto polepole, kosa la kifungo cha miaka mitatu.

Nesi hakuita askari. Alifunga mlango kwa ndani, akafungua vifungo vya sare yake.

"Ukimaliza, mama, na mimi nishike tumbo. Wangu watatu, na imeshaamua."