Marehemu wa Chang'ombe

Mara ya tatu, Kasiani aliuawa na nyuki.

Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, kwa Mwishehe kinyozi. Mwalimu Didas alisimama na daftari lake, akasoma kwa sauti kama ya padri. Akasimulia jinsi mchongaji mmoja wa Kimakonde aitwaye Kasimiri, mwenye pengo mbele na anayechechemea mguu wa kulia, alivyoikimbia vita ya Mreno kule Msumbiji, akamwacha mkewe na mtoto wa mgongoni, na kwa haraka zake akapanda mti wenye mzinga. Watu wote kibarazani wakageuka kumtazama Kasiani. Kasiani akafumba mdomo kuficha pengo, akawa amejitolea ushahidi mwenyewe.

Jumapili ya kwanza Kasimiri alikufa kwa mshtuko, bomu likiwa bado angani. Kasiani akalalamika kwamba huko ni kumvunjia mtu heshima, na Didas akaahidi kuwa sura hiyo itaandikwa upya. Kweli, ikaandikwa. Jumapili ya pili Kasimiri akafa maji katika mto Ruvuma, mahali ambapo maji yalimfika magotini. Kasiani akalalamika tena, na ndipo walipokuja nyuki.

Sasa watoto wa mtaa mzima walikuwa wakimwamkia "Shikamoo, marehemu," naye kwa mazoea alikuwa ameshaitikia marahaba mara mbili.

Pengine angecheka na wenzake, maana kucheka alikuwa anajua. Lakini kwa miaka kumi na minane alikuwa amewaeleza watu wa Chang'ombe hadithi nyingine kabisa: kwamba ndege za Mreno zilipochoma kijiji chao, yeye Kasiani alijitwika mkewe mabegani, mkewe akiwa na mtoto mgongoni, akavuka nao Ruvuma maji yakimfika kidevuni. Heshima yake yote ilikaa juu ya mabega hayo. Hata alipochonga vile vinyago vya ujamaa, mpingo mmoja wenye watu waliobebana hadi juu, mtu wa chini kabisa aliyewabeba wengine wote hakukosa pengo.

Na Jumatano daftari lilikuwa linapelekwa mjini kwa mchapishaji. Likishapigwa chapa, Kasiani alijua, angekuwa amekufa mpaka Bukoba.

Sababu aliijua, au alidhani anaijua. Asubuhi Didas alikuwa karani wa kiwanda, jioni alifundisha watu wazima kusoma na kuandika, na mara mbili alikuwa ameleta posa ya Anastasia, binti yake Kasiani. Mara zote mbili alirudishwa. Kasiani alimwambia wazi kwamba mtu ambaye hajasikia mlio wa bunduki hata siku moja hawezi kulinda familia. Basi karani alikuwa anamlipizia kisasi kwa kalamu.

Kilichomsumbua zaidi ni jogoo. Katika kila sura, hata afe vipi, Kasimiri alikimbia vita akiwa amekumbatia jogoo. Na jogoo huyo alikuwepo kweli. Siku ile Kasiani alinyanyua kilichokuwa karibu na mkono wake akatimka, akaja kugundua njiani, kabla mkewe hajamfikia mtoni, kwamba alichonyanyua kilikuwa kinawika. Nje ya nyumba yake, hakuna mtu Dar es Salaam aliyejua habari hiyo.

Alimbana Anastasia. Binti akamjibu kwa adabu kwamba wakati huo yeye alikuwa anabebwa, angemjuaje jogoo. Akamgeukia mkewe, Filomena, akamuuliza kama siri haikumponyoka kule kwenye darasa lake la watu wazima. Mwaka wa pili huu alikuwa anakwenda huko, na kwa hesabu za Kasiani alichovuna ni kuandika jina lake na kurudi na umbea.

Filomena hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichagua. "Mie mdomo wangu haujamtaja jogoo wako kwa mtu," alisema.

Jumanne, Kasiani alishindwa. Akamwita Didas nyumbani, akamkalisha kwenye kigoda kizuri, na kwa mara ya kwanza akamwangalia kama mtu anayemhitaji. Aliona aibu, aibu ya kweli, inayopandisha joto masikioni. Lakini kufa kwa nyuki mbele ya nchi nzima kulimtisha zaidi kuliko aibu. Akamwambia Didas kwamba posa imekubaliwa bila masharti mengi. Anataka mambo mawili tu: jogoo afutwe, na Kasimiri avuke mto akiwa hai, mkewe akiwa juu ya mabega yake.

Mlangoni Anastasia alificha uso kwa khanga. Didas aliinuka, akapokea mkono wa mkwewe kwa mikono yake miwili, akakaa tena. Alionekana kama mtu mwenye furaha na hofu kwa wakati mmoja.

"Ahsante, baba. Ahsante sana," alisema. "Ila mie kazi yangu ilikuwa kusoma tu. Hayo ya mto itabidi uzungumze na mwandishi."

Filomena akatoka jikoni akijifuta mikono. Akalichukua daftari kwa Didas, akavuta kigoda, akafungua kalamu. Aliandika mstari mmoja kwa mwandiko wa haraka, kisha akamtazama mumewe bila hasira yoyote.

"Kuvuka utavuka, Baba Anastasia," alisema. "Mtoto kifuani, wewe mgongoni kwangu, kama siku ile."