Alama ya Kisigino

Koplo Tunu alipiga magoti katikati ya barabara, akaitazama alama nyeusi isiyozidi shubiri. Nyuma yake alisimama Rukia, binti wa mzee aliyegongwa hapo asubuhi ile na kufariki.

“Afande, dereva anasema baba alijitupa,” Rukia alisema. “Na tangu mama afe alikuwa haongei sana. Niambie ukweli tu, hata kama ni mbaya.”

Tunu alitoa kiatu cha mzee kwenye mfuko. Akajaribu ncha yake juu ya alama; haikukaa. Akajaribu kisigino, nacho kikakaa sawasawa, hadi ufa wa soli ya tairi ukalingana na mstari mwembamba uliobaki kwenye lami.

“Soli hii alibandikiwa na nani?”

“Aliibandika mwenyewe, juzi. Akanitania kwamba itamfikisha Idi, mimi nibaki na ndala zangu.”

Tunu akatabasamu kidogo, kisha akafuata alama kwa kidole. “Anayejitupa husukuma kwa vidole vya mguu, dada. Huyu alikita kisigino kwanza. Tazama, alama imenyooka, ndipo ikapinda kuelekea gari lilikokwenda.”

“Maana yake nini?”

“Aliliona gari, akajaribu kurudi nyuma.”

Rukia alivua ndala. Akakita kisigino palepale kwenye alama, akaegemea nyuma taratibu, mikono wazi.

“Afande, tufungue njia?” askari mwenzake Tunu aliyefunga barabara alipaza sauti. Magari yalikuwa yakipiga honi.

Tunu aliinua mkono kumzuia askari, macho yake yakiwa kwa Rukia.