Unga Juu ya Kibao

Sheria haikuwa na mafumbo: kijana asiye na uraia alisoma bure, ila akitimiza miaka kumi na minane alirudisha yote aliyofundishwa. Alivikwa kofia ya chuma iliyofyonza masomo yote, akatoka mweupe kichwani.

Faida, aliyeletwa mgongoni kutoka ng'ambo ya ziwa, alijua zamu yake inakuja. Basi kila jioni, mama yake akisukuma chapati za kuuza, Faida alitandaza unga juu ya kibao na kumfundisha mama humo: herufi, hesabu, hata njia za damu moyoni. Mama akisinzia, Faida aligonga kibao kwa mti wa kusukumia.

"Rudia, Mama."

Kofia haikuwa na haja na mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga darasa.

Siku ilipofika, Faida alienda, akarudi akitabasamu kwa adabu, kama aliyekosea nyumba. Mama alimkalisha, akatandaza unga, akaandika kwa kidole.

"Nini hicho?"

"Jina lako."

Faida alilitazama sana. "Nani alikufundisha, Mama?"

Mama aliuchukua ule mti, akagonga kibao.

"Mwalimu mmoja mkali, hataki mtu asinzie. Haya, rudia."