Kitambaa cha Kaki

"Mzee, Alhamisi tunarekodi," alisema msichana mwimbaji. "Huyu mwenzetu mpya anapiga kwa mkono wa kulia. Tugeuzie tu nyuzi."

Mutisya, seremala wa reli, akalipokea gitaa alilomtengenezea marehemu mwanawe, aliyepiga kwa kushoto. Vijana hawa, mwanawe akiwa mmoja wao, walianzia muziki wao wa roki hapa hapa Makongeni kwa kupiga madebe, majirani wakiwafukuza. Sasa ukumbi wa Jericho hauwatoshi mashabiki. Mwanawe hakuuona umati huo. Nimonia ilimchukua Aprili.

Haya, kazi ni kazi. Akashika koleo, akaanza kufungua mkanda wa begani.

Ule haukuwa mkanda. Kilikuwa kitambaa cha kaki kilichopasuliwa kutoka sare yake kuukuu ya reli, kimekunjamana na kukolea jasho. Alikijua. Ndicho alichomfungia mwanawe utotoni mkono wa kushoto kwenye kiti kila walipokula, ili ajifunze kula kwa kulia kama watu. Samaki mkunje angali mbichi, alikuwa akijisemea. Miaka miwili mizima. Mtoto hakulia hata siku moja, na kumbe hakukitupa.

"Mzee?"

Mutisya akaketi. Akauweka mkono wake wa kulia juu ya mkono wa kiti, akamnyooshea msichana kile kitambaa.

"Nifunge huu," akasema. "Nyuzi nitazigeuza kwa huu wa kushoto."