Msichana wa Kituo cha Sfax

Jalila alitema kipande cha keki ya lozi ndani ya leso, akaikunja. Jukwaani, mwandishi Munsif alikuwa amelamba kidole ili afunue ukurasa mwingine wa riwaya yake, na kile kidole chenye mate kilimchafua roho.

Ukumbi ulifurika. Nusu ya wanawake wa Sfax walikwisha kuisoma riwaya hiyo, na nusu nyingine walikuja kulia bila kuisoma. Binti wa Jalila, Ines, alishaanza kupenga kamasi.

Munsif akasoma. Kijana mwenye mwanya na msichana wake wamepatana kutorokea Tunis kwa treni ya asubuhi. Kijana anachelewa. Msichana anangoja mpaka jua linawaka. Kisigino cha kiatu kinamkatika, anavua viatu, anavificha ndani ya kikapu cha tini. Kisha anarudi kwao peku, hatazami nyuma.

Miaka inapita. Kijana anakwenda kumwona msichana siku anapoolewa, anaishia mlangoni. Anakwenda tena siku msichana alipofiwa na mume, ulimi unamwia mzito, anaaga.

"Haya ni maisha yangu," Munsif akasema, akifunga kitabu. "Nilipenda mmoja tu. Kila nilipomfikia, nilikuta nimechelewa."

"Masikini wee," Ines akanong'ona. "Mama, wewe huna hata chozi?"

"Nina kichefuchefu."

"Ile keki?"

"Si keki."

Akainuka. Ines alidhani anatoka kupunga hewa, kumbe mama yake ameshika njia ya jukwaani. Waliopanga foleni ya kutiwa saini vitabu wakampisha kwa heshima ya mvi zake.

Kwa karibu, Munsif alinuka marashi mazito. Nywele alizipaka piko, na meno yake yalibanana kama punje za mahindi.

"Nimwandikie nani, mama?" akauliza bila kuinua macho.

"Kijana wako alichelewa, hakumkuta msichana," Jalila akasema. "Sasa habari ya kiatu aliijuaje?"

Kalamu ikasimama. Munsif akainua uso, akamtambua.

"Jalila." Kipaza sauti kilikuwa bado wazi, ukumbi mzima ulisikia. "Nilikuwepo. Nilikaa mkahawani, ng'ambo ya reli, nikakutazama mpaka ukaondoka. Sikuwa na moyo wa kuvuka."

"Ndiye," mtu akasema. "Ndiye yule msichana mwenyewe."

Makofi yakaanzia nyuma, yakafika mbele, wanawake wakapiga vigelegele. Ines alikuwa amepanda juu ya kiti, anapiga picha huku machozi yanamtiririka.

Munsif akanyoosha mkono juu ya meza. "Tumebaki wawili tu, Jalila. Safari hii tusichelewe."

Jalila aliutazama ule mkono kama mtu anayetazama kitu kilichookotwa jaani. Hakuushika. Alingoja vigelegele viishe.

"Mama yako aliniambia msibani kwa kaka yako," akasema, "kwamba Habib wangu, yule mwenye mwanya, alipogongwa na gari akinifuata kituoni, alikutuma wewe uje uniite, anione kabla hajakata roho. Ukarudi ukamwambia sikutokea."