Pindo la Joho la Mfalme

Fundi aliliacha pindo la mbele refu kupita kiasi kwa makusudi, kwa upana wa vidole viwili, kisha akakata uzi kwa meno.

Sakafuni lisingesumbua. Lakini kesho vitani, akiupanda mlima mbele ya jeshi, mwenye joho angejikwaa na kuanguka kifudifudi, watu wote wakimwona. Fundi alitaka aibu hiyo tu. Damu hakuitaka. Vita vya huko vilikuwa na mwiko: aliyevaa joho la mfalme hapigwi mshale wala mkuki, hushikwa akiwa hai.

Wivu ndio uliomtuma. Wiki nzima, kila jioni, mkewe alinawa uso, akajitanda shela, akaenda kwa mfalme.

"Unafuata nini huko?"

"Niombee tu, mume wangu. Likifanikiwa utajua."

Alijaribu kuomba, dua ikamkauka mdomoni. Hata kumwombea mtoto wao wa pekee, aliyekwisha kuchukuliwa jeshini, alisahau.

"Hongera, fundi!" muuza mkaa alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara. "Siku hizi wewe na mfalme mnakula sahani moja!"

Na mchana huo tarishi alikuwa amelileta joho. "Punguza mabega na kiuno. Linatakiwa leo leo."

"Kwani mfalme amekonda?"

"Mimi natumwa tu, fundi."

Fundi alicheka kwa uchungu. Kumbe mapenzi yamemkondesha!

Kulipokucha, alipanda juu ya paa pamoja na majirani. Mkewe alibaki chumbani, amepiga magoti. Joho jekundu liliupanda mlima, likayumba, likaanguka.

"Mfalme amekufa!" askari walipiga yowe. Wakageuka wote kwa pamoja, wakakimbia, wakilikanyaga lile jekundu kama jani. Kabla ya adhuhuri lango lilivunjwa, na kiti cha enzi kikawa na mwenyewe mwingine.

Alasiri mateka walipitishwa mlangoni kwa fundi. Wa kwanza alikuwa mfalme, amefungwa mikono, ndani ya kanzu ya askari wa kawaida iliyombana tumbo.

Fundi alishika mwimo wa mlango. Mkewe alitoka mbio, akasimama kando yake, macho yakipekua safu ya mateka.

"Sasa naweza kukwambia," alisema akihema. "Nilimlilia mfalme wiki nzima amweke mwanetu mahali salama, na juzi alikubali: alisema atamvika joho lake. Mbona simwoni?"