Choo cha Pili

Afisa mikopo wa benki alisimama katikati ya ua, akahesabu milango sita. Bi Sikitu, aliyeomba mkopo, alimfuata. Mkopo wa kuinunua nyumba ile ungelipwa kwa kodi ya wapangaji, na benki ingeutoa tu iwapo vyumba vyote vina watu.

"Mzee Kibwana anayekuuzia aliniambia wapangaji wanahama kwa sababu ya choo kimoja," afisa alisema. "Mbona naona viwili?"

"Cha pili nimejenga mimi."

"Kwenye nyumba ya mtu?"

"Kwa ruhusa yake. Ningesubiri iwe yangu, leo ungekuta popo tu vyumbani."

"Na tukikunyima mkopo?"

"Basi nitakuwa nimemjengea mzee choo kizuri."

Asteria, fundi cherehani wa chumba cha tatu, aliinua kichwa. "Kaka, weka saini. Mimi nilishafunga virago, nikavifungua kwa ajili ya hicho choo."

Afisa aliingia chooni, akamwaga maji, akasikiliza yanavyoshuka. Alipotoka aliidhinisha mkopo, fomu ikiwa juu ya goti.

Hata kabla afisa hajafika barabarani, Asteria aliita, "Mama mwenye nyumba, bati langu linavuja."

Sikitu aligeuka kuona anaitwa nani. Kisha akavua viatu, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda. Kutoka juu ya paa aliona ng'ambo ya ukuta ua mpana wa vyumba kumi, nyasi zimeota vizingitini, kila mlango na kufuli lake.

"Asteria," aliita, msumari mdomoni. "Hii ya jirani ni ya nani?"